Nia na Mazoea: Uchambuzi wa Kisa cha Binti Aliyeingia Uuguzi kwa Kumfuata Baba Yake

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu binti wa mkoa wa Mtwara aliyeupenda uuguzi kwa kumtazama baba yake, mhudumu wa afya katika zahanati ya kijiji, na ambaye kumfuata baba huyohuyo kulimponza alipofika mwaka wa pili wa chuo. Mimi nilikuwa mkufunzi wake. Ninakiandika kwa ridhaa yao wote wawili, baada ya kuwasomea rasimu na kukubali marekebisho yao. Majina yao, kijiji, chuo na hospitali ya mafunzo nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa nimeyabadilisha ili wasitambulike. Msichana nitamwita Binti, na baba yake nitamwita Mzee, kama nilivyomwita siku zote tulipokuwa tukizungumza.

Nimewakusudia wakufunzi wenzangu, wauguzi wanaopokea wanafunzi wodini, na wazazi waliomo katika kazi za afya ambao watoto wao huwatazama bila wao kujua kwamba wanatazamwa.

## Usuli

Kijiji kiko juu ya Uwanda wa Makonde, ambako mikorosho inastawi lakini maji ni ya shida. Zahanati hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi katika tangi, na kiangazi kinapokolea tangi likakauka, maji hununuliwa kwa ndoo. Watumishi walikuwa watatu: tabibu, muuguzi na Mzee.

Mzee aliajiriwa mwaka 1999 akiwa na elimu ya darasa la saba. Alifagia, alitakasa vifaa kwa sufuria ya mvuke iliyowekwa juu ya jiko la mkaa, alikunja gozi za kufungia vidonda, alipima uzito wa watoto siku ya kliniki, aliandika majina daftarini na kusafisha vidonda, na muuguzi alipozidiwa na kazi au aliposafiri, alichoma sindano pia, jambo ambalo halikuwa katika kazi zake lakini ambalo kila aliyewahi kukaa zahanati ya watumishi watatu anaelewa lilivyotokea. Wanakijiji walimwita daktari, naye kila mara alijibu kwamba yeye ni mhudumu.

Binti alianza kumfuata kazini akiwa na umri wa miaka saba hivi, na kazi yake ilikuwa kummwagia baba yake maji mikononi. Alinisimulia jinsi Mzee asivyotaka maji yamwagwe kwa pupa. Kata moja ilipaswa kutosha mikono yote miwili: kwanza viganja, kisha migongo ya mikono, kisha katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, ndipo maji yashuke hadi viwikoni, na baba akimaliza aliiweka mikono juu ili matone yasirudi kwenye vidole vilivyokwisha kuwa safi. Mtoto akiharakisha, Mzee aliirudisha mikono mwanzo na kumwambia aanze upya, hata kama tangi lilikuwa linakaribia kukauka. Asubuhi zingine Binti alibeba ndoo ya taka hadi kwenye shimo nyuma ya zahanati, na hilo msomaji alikumbuke kwa sababu nitalirudia.

Wazee wengi wa Mtwara na Lindi wakisikia neno uuguzi hukumbuka kwanza Ndanda na Nyangao, hospitali za misheni ya Wabenediktini, na masista waliovaa nyeupe. Binti hakukua na picha hiyo. Muuguzi katika mawazo yake alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shati lililopauka, aliyenawa mikono kwa uangalifu kuliko watu wanavyotawadha wakiwa na haraka ya swala.

## Mwaka wa uhakiki

Binti aliingia kidato cha kwanza katika shule ya kata Januari 2016, mwaka ambao elimu bila ada ilianza katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Mwaka uliofuata, katika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, Mzee aliondolewa kazini. Hakuwa ameghushi cheti chochote. Hakuwa nacho tu cha kidato cha nne.

Alirudi shambani, akafyeka na kupulizia salfa mikorosho yake dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na jioni watu wakaanza kumfuata nyumbani na vidonda vyao. Hapa ndipo ninapodhani nia ya Binti ilikomaa, kwa maana yeye mwenyewe huanzia hapa kila anapoulizwa kwa nini alichagua kazi hii. Mzee alikataa kuwasafisha. Aliwaambia kwamba hana dawa iliyopimwa, hana vifaa vilivyotakaswa, na hana tena ruhusa ya kugusa kidonda cha mtu. Kisha alivaa viatu na kuwasindikiza hadi zahanati, mwendo wa karibu nusu saa kwa mguu, akasubiri nje mpaka wahudumiwe. Usiku mmoja alimsindikiza mama mwenye mtoto aliyewaka homa, na Binti aliwamulikia njia kwa tochi ya simu. Waliporudi, baba alimwambia, "Mwanangu, mimi mikono ninayo, karatasi sina. Wewe kaitafute karatasi."

Mwaka 2018 serikali ilielekeza kwamba watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe kazini, na Mzee akawa miongoni mwao.

## Fizikia, korosho na mjomba

Shule ya Binti haikuwa na mwalimu wa Fizikia kwa muda mrefu wa kidato cha tatu na cha nne. Familia ilikuwa imepanga kumlipia masomo ya ziada kwa fedha za korosho, lakini huo ulikuwa msimu wa 2018/19, ambapo serikali yenyewe ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Masomo ya ziada hayakupatikana. Katika mtihani wa taifa wa 2019 alipata alama C katika Baiolojia, D katika Kemia na F katika Fizikia, ilhali mwongozo wa udahili wa stashahada ya Uuguzi na Ukunga ulitaka ufaulu katika masomo yote matatu.

Kikao cha familia kiliitishwa. Kwa kuwa ukoo huku kwetu hufuata upande wa mama, neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba, na mjomba aliona kwamba mtoto amekwisha jaribu, kwa hiyo afungue genge au apelekwe kujifunza cherehani. Mtu mwingine alileta habari ya chuo ambacho, ilisemekana, kingempokea bila Fizikia. Mzee, ambaye kwa desturi angeweza kunyamaza, aliomba mambo mawili: mtoto arudie Fizikia peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea, na asipelekwe mahali ambapo cheti chake kingekuja kuulizwa baadaye. Sababu ya ombi la pili kila mtu kikaoni aliijua. Mjomba alikubali, na alipokubali alikubali kwelikweli, kwani aliahidi kulipa ada ya chuo kutoka katika mikorosho yake mwenyewe.

Binti alirudia mtihani mwaka 2020, akapata D, na mwaka 2021 akadahiliwa.

## Chuoni

Alikuwa mwanafunzi mzuri, na nilimpenda. Katika somo la kuzuia maambukizi, nilipomwona akinawa mikono mbele ya darasa, nilisimamisha kipindi na kuwaambia wenzake wamtazame, kisha nikaeleza kwamba huyu ni mtoto wa mhudumu wa zahanati na kwamba mambo haya ameyanyonya nyumbani. Nilirudia sifa hizo mara kadhaa katika mwaka wa kwanza. Wakati wa mazoezi ya kuchoma sindano kwenye maabara ya ujuzi nilimpitia haraka, nikatia alama kwamba ameweza, nikaenda kwa wale ambao mikono yao ilikuwa ikitetemeka. Nitaeleza chini kwa nini ninalihesabu hilo kuwa kosa langu kubwa kuliko la mtu mwingine yeyote katika kisa hiki.

Ada ililipwa kwa shida moja inayojirudia kwa familia nyingi za kusini: chuo hufunguliwa kabla au katikati ya minada ya korosho, na fedha ya mkulima hufika baada ya mzigo kupita chama cha msingi cha ushirika, ghalani na mnadani. Kila mwaka Binti aliingia chuoni akiwa na barua ya kuomba muda.

## Sindano

Mwaka 2023, akiwa mwaka wa pili, Binti alikuwa katika mazoezi kwa vitendo kwenye wodi ya wanawake. Alimchoma mgonjwa sindano ya usiku, na baada ya kuichomoa, badala ya kuidondosha papo hapo katika sanduku la usalama lililokuwa kwenye toroli, alikishika kifuniko kwa mkono wa kushoto na kuirudishia sindano kofia yake. Ikapita pembeni ya kifuniko na kumchoma kidole cha shahada kupitia glavu.

Alinawa kwa sabuni na maji mengi, na hapo alifanya sawasawa kabisa. Baada ya hapo alinyamaza. Alimaliza zamu, akalala bwenini, akaamka, akahudhuria kipindi. Yapata saa 30 baada ya tukio ndipo mwenzake wa chumba, aliyemwona akikikagua kidole kila mara, alipombana hadi akasema, na wote wawili wakaja ofisini kwangu.

Swali langu la kwanza lilikuwa la saa: ilitokea lini. Swali la pili nililiuliza vibaya. Nilimwuliza, "Nani alikufundisha kufunika sindano?" Hakujibu, akaanza kulia, na mwenzake ndiye aliyeniambia kwamba hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu jana.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa tiba, na haukuhitaji mjadala. Dawa kinga dhidi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 72 tangu mtu achomwe, kisha humezwa kwa siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa kwa kuchomwa na sindano iliyomgusa mtu mwenye VVU ni kama watu 3 katika 1,000, na kwa homa ya ini aina B, kwa mtu asiye na kinga, uwezekano huo ni mkubwa zaidi. Binti alikuwa amepata dozi mbili kati ya tatu za chanjo ya homa ya ini. Nilimpeleka mwenyewe kwa mhusika wa huduma hiyo, akapimwa, akaanza dawa jioni ileile, na dozi ya tatu ya chanjo akapangiwa tarehe.

Hatukuweza kumwomba mgonjwa ridhaa ya kupimwa, kwa sababu alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani asubuhi, na juhudi za kumpata hazikufanikiwa. Angeulizwa usiku uleule na majibu yakawa salama, huenda Binti asingemeza dawa kwa siku zote 28. Hiyo ndiyo gharama halisi ya ule ukimya, na alimeza dawa hizo huku akichefukwa kila asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutomwadhibu. Muuguzi kiongozi wa wodi alitaka aandikiwe barua ya onyo kwa kuchelewa kutoa taarifa, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mimi niliona kwamba mwanafunzi anayeadhibiwa kwa kusema, hata kama amesema kwa kuchelewa, huwafundisha wenzake kumi wasiseme kabisa. Tukakubaliana kwamba tukio liandikwe katika rejesta ya ajali za kazini na kwamba Binti arudie zoezi la sindano tangu mwanzo chini ya macho yangu.

Uamuzi wa tatu nilioutoa ni kumjulisha Mzee. Binti alikuwa mtu mzima mwenye umri wa miaka 20, na habari za afya yake zilikuwa zake. Nilimshauri amwambie baba yake, alikataa. Nilimshauri tena kesho yake, akakubali. Nikiitazama sasa naona wazi kwamba alikubali kwa sababu mimi ni mwalimu wake na hakujua jinsi ya kunikatalia mara ya pili.

Mzee alipanda basi, akafika siku ya tatu. Nilimpa kiti, akakataa kukaa mpaka amwone mtoto. Alipomwona alimshika kile kidole, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama anavyokagua kidonda cha mtu yeyote, kisha akaniuliza mimi, kwa unyenyekevu ulionitia haya, sindano hutupwaje siku hizi. Nikamweleza. Akamgeukia Binti.

"Mwanangu, ndoo ya taka ulikuwa unaibeba wewe kwenda shimoni," alisema. "Nilikuwa nafunika ili isikuchome."

## Matokeo

Binti alimaliza dozi. Alipimwa kwa tarehe zote alizopangiwa hadi mwezi wa sita, na majibu yote yalikuwa salama. Alirudia mazoezi ya sindano, akayamaliza, akahitimu stashahada mwaka 2024, akafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kupata leseni. Ninapoandika anajitolea katika kituo cha afya kimoja mkoani Lindi akisubiri ajira, kwenye wodi ya wazazi.

Mzee, kwa maelezo ya tabibu wake, alirudi kazini na kuomba kuelekezwa upya namna ya kushughulikia vitu vyenye ncha kali, na ndiye anayehakikisha sanduku la usalama halijazwi kupita alama ya robo tatu. Mjomba bado ana deni katika chama chake cha msingi, na sehemu kubwa ya deni hilo ni ada ya chuo.

## Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi vizuri kuliko yote lilitokea miaka mingi kabla Binti hajafika kwangu, nalo ni kwamba Mzee hakumshawishi mtoto kwa maneno. Alimwacha aone. Alimwonyesha usafi uliohitaji subira. Na alipoondolewa kazini alimwonyesha pia mpaka wa kazi yenyewe, kwamba mtu anaweza kuwa na uwezo na huruma na bado akasema hapana, twende kwa mwenye ruhusa. Nimewafundisha wanafunzi wengi waliovutwa na sare nyeupe au na tumaini la mshahara, na katika hao ni wachache waliokuja wakiwa wamekwisha elewa hilo. Uamuzi wa kurudia Fizikia badala ya kupita njia ya mkato ulizaliwa hukohuko, na Binti mwenyewe asingeweza kuvumilia mwaka mzima nyumbani kwa ajili ya somo moja kama asingekuwa ameona baba yake akikaa mwaka mzima nje ya kazi kwa ajili ya karatasi moja.

Lakini mzazi hamwachii mtoto nia peke yake. Pamoja na nia huja mazoea, na mtoto hana njia ya kujua kipi ni kipi, kwa kuwa vyote alivipokea kwa mkono mmoja na kwa upendo uleule. Kunawa kwa Mzee kulikuwa sahihi. Kufunika sindano kwa Mzee kulikuwa hatari, ingawa kulikuwa na sababu yake: mahali pasipo na sanduku la usalama, sindano iliyo wazi ndani ya ndoo humngoja yule atakayeibeba ndoo. Mazingira yalibadilika, sanduku likaja, na mkono ukaendelea kufanya ulichozoea. Ndiyo maana naona kwamba kumwambia Binti "hilo ni kosa" kusingetosha. Alihitaji kujua kwamba tendo lile lilikuwa na maana mahali pake, na kwamba kuliacha hakumfanyi baba yake kuwa mtu mzembe. Maelezo hayo yalitoka kwa Mzee mwenyewe. Mimi sikuwa na uwezo wa kuyatoa kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Kosa langu la maabara linafuata hapo. Kwa kumsifu kama mtoto wa mhudumu nilifanya mambo mawili kwa pamoja: niliacha kumkagua katika ujuzi niliodhani anao, na nilimweka baba yake jukwaani, hivi kwamba kila kosa la mtoto lingekuwa aibu ya mzazi mbele ya darasa zima. Saa 30 za ukimya hazikutokana na kutojua kanuni. Binti alijua kwamba tukio la sindano hutolewa taarifa mara moja. Alishindwa kusema kwa sababu taarifa ile ingemtaja Mzee. Muuguzi kiongozi aliona uzembe, nami naona mtoto aliyekuwa akimlinda baba yake kama baba alivyomlinda yeye kwa kifuniko.

Kuhusu kumjulisha Mzee, safari yake ilileta matokeo mema na bado nasema nilivuka mpaka. Ushauri unaorudiwa na mwenye mamlaka huwa amri, hata ukisemwa kwa upole, na siri ya afya ya mwanafunzi haipungui uzito kwa kuwa mzazi wake ni mtu mwema. Kwa mzazi mwingine, mkali au mwenye kiburi, uamuzi uleule ungeweza kumfanya Binti aache chuo.

Suala la ada sijalitatua, na chuo hakijalitatua. Barua tatu za kuomba muda katika miaka mitatu, kwa mwanafunzi ambaye mlipaji wake anajulikana na msimu wake wa fedha unajulikana, zingeweza kuwa makubaliano moja ya maandishi tangu siku ya kwanza, na mwanafunzi akasoma bila kuitwa dirishani kwa mhasibu kila Novemba.

Siku hizi, kabla kundi jipya halijagusa kifaa chochote kwenye maabara, huwapa kila mwanafunzi karatasi aandike ni nani nyumbani kwao aliyewahi kuuguza mtu, na ni mambo gani alimwona akiyafanya kwa mikono. Wengine huandika habari za bibi anayekanda, wengine shangazi mkunga wa jadi, wengine huacha karatasi tupu. Karatasi hizo huzisoma peke yangu, sizitaji mbele ya darasa, na kisha humkagua kila mmoja katika kila ujuzi kana kwamba hajawahi kuuona.